Barabara ikifunikwa na maji, ni nani aamue gari livuke?

Misimu ya mvua ya miaka ya karibuni nchini Kenya na Tanzania imeacha orodha ndefu ya mabasi, malori na magari ya shule yaliyosombwa na mafuriko. Baada ya kila tukio, lawama humwangukia dereva. Hata hivyo, ukiyatazama matukio hayo kwa pamoja, utaona kwamba kosa huanza mapema zaidi. Huanza pale barabara inapoachwa wazi, na uamuzi wa kuvuka ukaachiwa mtu mwenye sababu nyingi kuliko wote za kutaka kuvuka.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki na watu wengine waliokuwa wakielekea harusini lilifika kwenye Mto Enziu, karibu na mji wa Mwingi, Kaunti ya Kitui, mashariki mwa Kenya. Daraja lilikuwa limefunikwa na maji. Picha za video zilizopigwa na watu waliosimama ukingoni zilionyesha basi likiingia majini polepole, likisukumwa hadi pembeni mwa daraja, kisha likalala ubavu na kuzama. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha.

Tukio hilo liliitikisa Kenya, lakini halikuwa la mwisho. Aprili 2024, mvua za masika zilipokuwa zimepamba moto, basi la abiria lililokuwa na watu 51 lilisombwa katika Kaunti ya Tana River. Wote waliokolewa. Mwezi huohuo, lori lililobeba watu lilizidiwa na mkondo katika Kaunti ya Makueni. Baadhi yao waliokolewa na wengine wakafa maji.

Upande wa Tanzania, asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2024, gari la shule lilitumbukia katika korongo lililojaa maji ya mvua jijini Arusha. Wanafunzi wasiopungua 7 walifariki dunia wakiwa safarini kwenda darasani.

Uganda nayo haikusalimika. Mafuriko yaliyoupiga mji wa Mbale usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 yaliua watu zaidi ya 20, na miongoni mwao walikuwamo abiria wa teksi iliyosombwa baada ya Mto Nabuyonga kufurika. Kwa hiyo yanayotokea ng'ambo ya mpaka si habari ya jirani tu. Sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda hushushwa Mombasa na kupita kwenye barabara za Kenya hadi Malaba na Busia, na abiria wa Kampala hupanda mabasi ya Nairobi na Dar es Salaam kila siku.

Nguvu isiyoonekana kwa jicho

Sababu ya kwanza ya vifo hivi ni kwamba maji hudanganya. Mtu aliyeketi juu ya kiti cha lori huyatazama maji yaliyofika nusu ya tairi na kuyaona madogo. Hesabu inasema vingine. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji hayo yakiwa katika mwendo, kila kasi yake inapoongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara 4. Mkondo unaoonekana kuwa umechangamka kidogo tu kuliko jana unaweza kuwa na nguvu mara kadhaa zaidi.

Nguvu hiyo ya kusukuma huja pamoja na nguvu ya kuinua. Maji yakishafikia bodi la gari, huanza kulibeba. Uzito unaokandamiza matairi barabarani hupungua, matairi hukosa mshiko, na usukani hubaki mkononi bila kazi. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huwatahadharisha madereva kwamba maji ya kina cha sentimita 30 yanayotiririka yanaweza kuyachukua magari mengi madogo, na sentimita 60 zinaweza kuyachukua magari mengi ya aina zote, yakiwamo yale makubwa ya kupita njia mbovu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia walilipima jambo hilo kwa magari halisi. Gari dogo aina ya Toyota Yaris, lenye uzito wa takriban tani moja, lilisukumwa na maji ya kina cha sentimita 15 yaliyokuwa yakienda kwa mwendo wa kilomita 3.6 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Maji yalipofika sentimita 60, gari hilo lilielea kabisa. Nissan Patrol yenye uzito wa tani 2.5 ilianza kuyumba katika sentimita 45 na kuelea katika sentimita 95. Kwa maneno mengine, ukubwa wa gari huongeza sentimita chache tu za usalama, huku ukimwongezea dereva ujasiri mwingi.

Basi lina udhaifu wake wa ziada. Ubavu wake ni mrefu na bapa, na mkondo unaolipiga ubavuni hupata mahali pa kusukuma kama upepo unavyolipata tanga la jahazi. Basi likielekea ukingoni, halihitaji kuelea. Tairi moja la nyuma likikosa mahali pa kukanyaga, uzito wa abiria wenyewe husaidia kulipindua.

Tena kuna jambo ambalo hakuna kipimo cha kina kinachoweza kulionyesha: maji ya matope huficha barabara. Dereva aliyepita asubuhi anakumbuka lami ilipokuwa. Hajui kama kalavati bado lipo mahali pake, au kama udongo chini ya lami umekwisha kuchotwa na kuacha ganda la juu tu. Anachokipima ni kina cha maji juu ya barabara ambayo pengine haipo tena.

Shinikizo lililo nyuma ya usukani

Ikiwa hatari ni kubwa kiasi hicho, kwa nini madereva wenye uzoefu wa miaka mingi huendelea kuingia majini? Jibu jepesi ni uzembe. Uzembe upo, na mahakama zina kazi yake. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini kosa lilelile hurudiwa na watu tofauti, katika mito tofauti, kila mwaka.

Dereva wa basi anayefika mtoni ana ratiba, ana tajiri anayesubiri hesabu ya siku, na ana abiria waliolipa nauli. Wengi katika kazi hii hulipwa kwa safari iliyokamilika, wala hakuna malipo ya kusubiri maji yapungue. Dereva wa lori aliyebeba nyanya au samaki anajua kwamba usiku mmoja ukingoni unaweza kuumaliza mzigo wote. Dereva wa gari la shule ana watoto ambao wazazi wao wanawatarajia wafike kwa wakati, na zamu nyingine inamngoja.

Nyuma yake wapo abiria. Si haba wanaomwomba asubiri, lakini mara nyingi sauti zinazosikika zaidi ni za wale wenye haraka: wa harusi, wa msiba, wa hospitali, wa soko. Gari la mbele likivuka salama, hoja ya kusubiri hufa papo hapo. Na mafanikio ya gari la mbele hayathibitishi lolote kuhusu gari linalofuata, kwa sababu katika mafuriko ya ghafla maji yanaweza kupanda ndani ya dakika chache.

Hivyo, mtu anayeombwa kupima hatari ndiye mtu mwenye hasara ya papo hapo akisema hapana. Akivuka salama, hakuna atakayemuuliza kitu. Akigoma kuvuka, atalaumiwa na abiria, na pengine na mwajiri pia. Mfumo unaomtunza anayethubutu na kumwadhibu anayesubiri hauwezi kuzaa uangalifu, hata mafunzo ya udereva yakiwa mazuri namna gani. Wahenga walisema kawia ufike. Lakini katika biashara ya usafiri anayekawia hukatwa mfukoni.

Mito iliyokauka na barabara zilizojengwa chini

Sababu ya tatu imo katika ujenzi wenyewe. Katika maeneo makame ya Ukambani, kaskazini mwa Kenya na katikati ya Tanzania, mito mingi ni ya msimu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na watu huchimba humo visima vya kuchotea maji. Kwa kuwa fedha ni chache, mahali pengi hapakujengwa daraja refu. Pamejengwa daraja mfuto, yaani sakafu ya zege iliyolala karibu na usawa wa mto, ambayo kwa makusudi huachwa ifunikwe na maji mvua ikizidi.

Ujenzi huo si kosa kwa wenyewe. Ni njia ya gharama nafuu ya kuziunganisha jamii ambazo vinginevyo zisingekuwa na barabara. Lakini una sharti moja: maji yakipita juu, watu wasipite. Sharti hilo halisimamiwi na zege. Linahitaji mlingoti wenye alama za kina zinazosomeka, kizuizi cha kushushwa, na mtu mwenye mamlaka ya kukishusha. Pasipokuwa na hivyo, daraja mfuto hubaki kuwa barabara halali inayomkaribisha dereva majini.

Hatari huzidi kwa kuwa mvua inayoujaza mto huenda isiwe imenyesha kwenye kivuko chenyewe. Inanyesha milimani, kilomita nyingi juu, na mkondo huja chini ya anga lisilo na wingu. Mkazi wa eneo hilo hujua dalili zake: mngurumo kutoka juu, povu na vijiti vinavyotangulia. Mgeni hajui. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutaja mikoa au kaunti zitakazopata mvua kubwa, na zimesaidia kuwaandaa watu. Lakini tahadhari ya mkoa haimwambii dereva hali ya kivuko fulani saa kumi na moja jioni.

Wakati mwingine maji hayatoki hata kwenye mto unaojulikana. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, eneo la Mai Mahiu katika Bonde la Ufa, kwenye njia inayotumiwa na malori mengi yaendayo Uganda, lilipigwa na maji mengi kwa mara moja. Serikali ya Kenya ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya kupitia chini kuzibwa na takataka na matope, kisha yakavunja na kutoka kwa kishindo. Watu zaidi ya 45 walifariki. Katika hali kama hiyo, hakuna dereva anayeweza kujiandaa kwa kutazama mto, maana mto wenyewe haukuwapo. Wa kujiandaa ni mhandisi na mkaguzi wa mitaro.

Kufunga barabara kuna gharama yake

Jambo la kufanya basi linajulikana: barabara ifungwe kabla dereva hajafika. Na hilo si ndoto, kwa kuwa limekwisha kufanyika katika nchi hizi hizi.

Dar es Salaam ni mfano. Bonde la Mto Msimbazi linapojaa, Barabara ya Morogoro hufungwa katika eneo la Jangwani, na mabasi yaendayo haraka husitisha safari katika sehemu hiyo. Kila ufungaji huwaudhi maelfu ya wafanyakazi na wafanyabiashara. Lakini wakazi wa jiji wamezoea kuuliza asubuhi kama Jangwani panapitika, na swali hilo pekee ni aina ya ulinzi. Suluhisho la kudumu, ambalo ni daraja la juu na kulipanga upya bonde lote, linatekelezwa kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia.

Uganda ina mfano wake. Mei 2023, maji yalipolidhoofisha daraja la Katonga katika barabara kuu ya Kampala na Masaka, Mamlaka ya Barabara ya wakati huo, UNRA, ililifunga. Magari yaliyokuwa yakielekea Masaka, Mutukula na Rwanda yalilazimika kuzunguka kupitia Mpigi na Sembabule. Safari zilirefuka na gharama zikapanda. Hata hivyo, daraja lilifungwa kabla ya kumzika mtu.

Lakini kufunga tu hakutoshi. Aprili 2024, Mto Tana ulipoikata barabara kati ya Garissa na Madogo, watu waliendelea kuhitaji kuvuka kwa ajili ya chakula, matibabu na kazi. Wakapanda boti. Moja ya boti hizo ilipinduka. Watu 23 waliokolewa na wengine wakafa maji. Mwezi uliofuata, Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani ya Tanzania, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika katika eneo la Somanga, na abiria na malori yakakwama kwa siku kadhaa huku mafundi wakijaza mawe usiku na mchana. Mtu aliyekwama bila chakula wala mahali pa kulala huanza kuyatazama maji kwa jicho jingine. Barabara inapofungwa, pawepo na taarifa ya muda, njia mbadala, na mahali salama pa kungojea. La sivyo kizuizi chenyewe huwasukuma watu kwenye hatari nyingine.

Sheria huanzia kwenye kizuizi

Jimbo la Arizona nchini Marekani, ambalo nalo lina mito ya mchanga inayojaa ghafla, lina sheria tangu mwaka 1995 inayomtaka dereva aliyezunguka kizuizi na kukwama majini alipe gharama za kuokolewa. Sheria hiyo hutajwa mara nyingi na wanaotaka madereva wa Afrika Mashariki waadhibiwe vikali zaidi. Lakini wanaoitaja huisoma nusu. Wajibu wa dereva katika sheria hiyo unaanzia kwenye kizuizi. Serikali inatimiza sehemu yake kwanza kwa kuifunga njia na kuweka alama. Baada ya hapo raia anayekaidi hana wa kumlaumu.

Katika vivuko vingi vya Kenya, Tanzania na Uganda, sehemu hiyo ya kwanza haijatimizwa. Wanaosimama ukingoni ni wananchi wanaopiga kelele na kupunga mikono, na pengine kijana anayetangulia mbele ya gari kwa miguu ili kumwonyesha dereva njia kwa malipo kidogo. Polisi hufika baadaye. Barabara kuu iko chini ya taasisi moja, barabara ya wilaya au kaunti iko chini ya nyingine, mto uko chini ya wizara ya maji na tahadhari hutolewa na idara ya hali ya hewa. Ukiuliza ni nani hasa mwenye jukumu la kushusha mti njiani saa ile maji yanapopanda, mara nyingi hupati jina la afisa mmoja.

Hapo ndipo penye kazi, na sehemu yake kubwa si ya gharama. Kupaka rangi mlingoti wa kupimia kina ni rahisi kuliko kujenga daraja. Kumteua na kumlipa mlinzi wa kivuko wakati wa masika na vuli, na kumpa simu ya kuwasiliana na mlinzi wa juu ya mto, ni rahisi kuliko operesheni ya kutafuta miili. Kuzitaka kampuni za mabasi na shule ziandike kwamba dereva anayekataa kuvuka maji hatakatwa mshahara wala kufukuzwa kazi hakuhitaji saruji hata mfuko mmoja. Na kuchapisha orodha ya vivuko vinavyojulikana kuua, kila msimu unapokaribia, kunahitaji tu kukubali kwamba vinajulikana.

Ukubwa wa hasara unaonyesha kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa bahati. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu wa Tanzania Kassim Majaliwa aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kutokana na mvua za msimu huo na wengine 236 kujeruhiwa. Nchini Kenya, idadi ya vifo vya masika ya mwaka huohuo ilikaribia 300. Si wote waliokufa barabarani, lakini kifo cha barabarani kina sifa yake ya pekee. Nyumba iliyo bondeni haiwezi kuyakimbia maji. Gari linaweza, kwani lilikuwa nchi kavu dakika moja kabla.

Hadi vizuizi hivyo vitakapowekwa, abiria ndiye aliyebaki kuwa mlinzi wa mwisho. Akiona barabara imefunikwa na hawezi kuiona lami, ana haki ya kuomba ashushwe, na haki hiyo haipungui kwa kuwa amekwisha kulipa nauli. Abiria wawili watatu wakisimama na kusema hawavuki, dereva aliyekuwa akitafuta sababu ya kusubiri huwa ameipata. Baada ya maji kupungua, swali lirudi panapostahili: kwa mamlaka iliyokijua kivuko hicho, ikaijua mvua iliyokuwa ikija, na bado ikaiacha njia wazi.